Tarehe Naijua

Ndugu zangu katika Uislamu, baada ya darsa la kina mama hapa Mbale, tuliwafundisha chanjo ya surua kwa mchezo. Walizunguka mwanasesere mmoja: mtoto wa miezi 6, ambaye hajafikia miezi 9 ya dozi ya kwanza. Mwenye kitambaa amechanjwa, anaruhusiwa kuuzuia mpira; asiye nacho haruhusiwi. Tukabiringisha mpira kutoka nje. Ulipita kwa wasio na vitambaa, ukampata mtoto.

Nikauliza: "Nani mkosa?"

Mama mmoja akajibu: "Mwanangu, mimi dozi ya pili ilinipita. Tarehe naijua. Siku ile mama mkwe alikuwa hoi kitandani, sikuwa na wa kumwachia."

Niliona haya. Nilidhani amekosa elimu, kumbe alikosa mtu. Surua huzuilika takriban watu 95 kati ya 100 wakiwa na kinga. Elimu peke yake haitufikishi huko. Kumshika mkono mama yule naona ni mfano wa faradhi kifaya: mmoja wetu akisimama, imetosha, tukikaa sote, lawama ni yetu sote.

Je, jirani yako kliniki yake ni lini?