Kucha Kumi na Nane

Kidole gumba cha mkono wa kulia cha shangazi yangu hakikunjiki vizuri hadi leo. Akipukuchua mahindi hutumia kiganja, na kazi ya sindano na uzi amemwachia binti yake. Hakuumizwa na jembe wala panga. Aling'atwa na paka wake mwenyewe, mchana kweupe, mbele yetu sisi tuliokuwa tukimsaidia kumshika.

Nyumba yake iko nje kidogo ya Mugumu, upande wa barabara inayokwenda Ikoma. Huko, kama ilivyo kwa wenzetu wa Tarime, paka wengi hawafugwi kwa urembo. Wanafugwa kwa sababu ya panya, maana mavuno yakishaingia ndani, panya huanza kula kabla ya mwenye shamba. Paka wa shangazi, jike la rangi ya majivu, alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alilala juu ya magunia na kutupiwa dagaa jioni, lakini hakuna aliyewahi kumpakata. Mkono wa mtu ulimgusa siku za kufukuzwa jikoni tu.

Kisa kilianza mjukuu wa shangazi alipoanza kutambaa. Mtoto alivuta mkia, paka akamkwaruza shavuni, chini kidogo ya jicho. Mzazi gani asingeshtuka? Shangazi akasema jua halizami kabla kucha zile hazijapunguzwa.

Tulimnasa kwa khanga. Binti yake alibana shingo, kijana wa jirani akashika miguu ya mbele, mimi ya nyuma. Shangazi akachukua wembe. Paka alinguruma kwa sauti nzito ambayo sikudhani inaweza kutoka kwa mnyama mdogo vile. Manyoya ya mkia yalisimama, masikio yakalala nyuma kabisa. Tukaambiana kwamba ana kiburi, na tukakaza mikono. Neno hilo ndilo linaloniuma zaidi kila nikikumbuka. Mnyama ambaye hajawahi kushikwa ila kwa kufukuzwa, akiona watu wanne wamemkandamiza chini, anajua jambo moja tu: anauawa. Alituambia kwa kila njia aliyonayo, na sisi tukaendelea.

Ukucha wa paka si kama wetu. Huwa umejificha ndani ya kidole, na ukikiminya taratibu kwa juu na chini unachomoza. Ncha yake haina hisia. Lakini nyuma ya ncha, ndani ya ukucha wenyewe, mna nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu. Ukucha ukiwa mweupe, nyama hiyo huonekana kama kivuli chekundu kwa ndani. Ukiwa mweusi, huoni kitu. Wembe ni kifaa kibaya kwa kazi hii, kwa sababu hupasua ukucha na hauna mahali pa kuuzuia usiende mbali. Ukucha wa kwanza ulikatika salama. Wa pili ulikatwa hadi kwenye nyama. Damu ikatoka, paka akajipinda mikononi mwetu kana kwamba hana mifupa, na meno yake yakazama kwenye gumba la shangazi hadi kwenye kiungo.

Hadi hapo ilikuwa ajali ya nyumbani. Ubaya uliobaki tuliufanya sisi. Jeraha lilipakwa majivu, likafungwa kitambaa. Paka alifukuzwa kwa ufagio mpaka akapotelea kwenye mashamba ya mihogo, na watu wakafurahi kwamba ameondoka.

Meno ya paka ni membamba na marefu. Tundu linalobaki ni dogo, ngozi hujifunga juu yake upesi, na bakteria wa mdomoni hubaki chini wakistawi kwenye kano na kiungo. Alfajiri mkono wa shangazi ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, na mstari mwekundu ukipanda kuelekea kiwiko. Kilichotakiwa kilikuwepo uani tangu mwanzo: mche wa sabuni na maji. Jeraha la kung'atwa na mnyama huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, likaachwa bila majivu wala mafuta, kisha mtu huenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Sisi tulikwenda siku ya pili.

Mganga alisafisha usaha, akaandika dawa, halafu akauliza, "Mama, paka amechanjwa?" Hakuchanjwa. "Yuko wapi sasa?"

Hakuna aliyejibu. Wiki chache nyuma, mbwa asiye na mwenyewe alipita kijijini usiku, aking'ata ndama na kupigana na kila alichokutana nacho. Nani angejua kama hakukutana na paka pia? Kichaa cha mbwa humpata paka kama kinavyompata mtu, na kwa mtu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mara nyingi hujitokeza kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya kung'atwa, na huweza kukawia zaidi. Ipo njia ya kujua. Mbwa au paka aliyemng'ata mtu hufungiwa mahali salama na kutazamwa siku 10. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku ile. Sindano za mtu huanza bila kusubiri, lakini mnyama akivuka siku hizo 10 akiwa mzima, zinaweza kusimamishwa. Shahidi wetu tulikuwa tumemfukuza kwa ufagio.

Shangazi alichomwa sindano zote. Madebe ya mahindi yaliuzwa kwa ajili ya dawa na nauli za bodaboda, na usiku alikuwa akiamka kuonja maji, kuona kama koo lake bado linapitisha.

Wilaya ya Serengeti ina historia ndefu na ugonjwa huu wa kichaa, na mengi ambayo dunia inayajua kuuhusu yametoka katika vijiji vyake. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na baada ya hapo chanjo za mbwa zikaanza kupelekwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, dhidi ya distempa na kichaa pia. Kati ya 2002 na 2006 watafiti walichukua kumbukumbu za majeruhi kutoka vituo vya afya vya Serengeti na Ngorongoro, wakaenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani aling'atwa, na mnyama gani, na mnyama huyo aling'atwa na nani. Walikuta kwamba mbwa wa nyumbani ndiye anayeuendeleza ugonjwa wa kichaa, na kwamba wakichanjwa kiasi cha 70 kwa kila 100, unaweza kukatika. Baadaye ikathibitishwa kwamba chanjo moja ya kichaa inayotumika sana hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, kwa hiyo inaweza kutunzwa kijijini kusiko na umeme, hata ndani ya chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji.

Lakini siku ya chanjo utawaona vijana wakivuta mbwa kwa kamba, na paka wamebaki nyumbani. Sababu inajulikana kwa kila mtu: nani atamkamata? Yule asiyeguswa nyumbani hawezi kubebwa hadi kwa mtu mwenye sindano.

Siku ya ishirini paka alirudi. Alikuwa amekonda, anachechemea kidogo, lakini mzima. Shangazi alikaa kizingitini akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamtupia dagaa. Kesho yake akamwekea karibu zaidi. Ilimchukua karibu miezi miwili kufika kumpapasa mgongo, na baada ya hapo, paka akiwa ameshiba na kusinzia, kumgusa kidole cha mguu na kukiachia palepale. Anayetaka kukata kucha za paka aanzie hapo. Paka wengi wana kucha 18, tano kila mguu wa mbele na nne kila wa nyuma, na hakuna aliyeagiza zimalizwe siku moja. Ukucha mmoja leo, kwa kikata kucha kikali, ncha tu. Akilaza masikio, mwachie. Nyama ikiguswa kwa bahati mbaya, bonyeza unga mkavu hapo mpaka damu ikome.

Mwisho shangazi hakuzikata, na naona alifanya sawa. Paka anayewinda na kupanda mti kuwakimbia mbwa anazihitaji. Wa kukatwa ni anayeshinda ndani, au mzee ambaye ukucha wake umejikunja hadi kuchoma unyayo. Mjukuu ndiye aliyefundishwa kuacha mkia, na gogo la mwembe likasimamishwa karibu na magunia ili paka aparue hapo.

Chanjo ilipokuja tena, shangazi alitembea na kapu lililofunikwa khanga, akapanga foleni katikati ya mbwa, mkono wake mmoja ukiwa ndani ya kapu muda wote. Alirudi na cheti. Amekiweka kwenye kopo lile lile lenye kadi ya kliniki ya mjukuu.