Kiharusi na Kudra

Mtu akiamka upande mmoja umepooza, au jicho likazima ghafla bila maumivu, wengi husema ni kudra. Wengine humtafuta aliyemtupia jini. Lakini retina ni tishu ya ubongo iliyochomoza hadi jichoni: mshipa wake mkuu ukizibwa na bonge la damu au la mafuta, hicho nacho ni kiharusi, na mgonjwa akimbizwe hospitali saa ileile. Utafiti wa INTERSTROKE, uliochapishwa mwaka 2016 kutoka nchi 32, ulikuta mambo kumi yanayoweza kurekebishwa, shinikizo la damu likiongoza, yakibeba takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi.

Je, hapo Mungu ameondolewa? Sioni hivyo. Kudra hueleza mwenye mamlaka ya mwisho ni nani. Haisemi mshipa umezibwa na nini, wala haimkatazi mtu vidonge vya presha. Pingamizi gumu zaidi ni la yule aliyemeza dawa kila siku na bado akaanguka. Yupo, tena si mmoja. Ila asilimia ni habari ya umati, haimdhamini mtu mmoja, na kwa huyo neno kudra lina kazi halali: kumwondolea lawama aliyejitahidi. Anayelitaja kabla hata hajapima presha analiomba kazi nyingine kabisa.