Kuarifu si Kushauriana

Katika lugha yetu, kiambishi kidogo cha "-ana" hubeba mzigo mkubwa wa maadili. Mtu mmoja aweza kuarifu. Wa kushauriana sharti wawe wawili. Tofauti hii, ambayo sisi walimu huiandika ubaoni kila mwaka, ilikuwa kiini cha shauri moja kubwa nchini Kenya.

Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilitoa leseni ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe, chenye uwezo wa megawati 1,050, huko Kwasasi, Lamu. Baadhi ya wenyeji wa Lamu, ambayo mji wake wa kale umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, waliipinga. Tarehe 26 Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira iliifuta leseni hiyo. Miongoni mwa sababu zake ni hii: mikutano iliyofanywa na wananchi ilitangulia taarifa ya uchunguzi wa athari, taarifa ilipokuwa tayari, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walijulishwa kwamba mradi upo. Hawakupewa nafasi ya haki ya kuyapima madhara yake.

Huenda msomaji akauliza: hakimu anajua nini juu ya mitambo? Na taifa lenye kiu ya umeme lingoje hadi lini? Hoja hii si ya kupuuzwa; mtoto asomaye kwa kibatari naye ana haki yake. Lakini kuuliza kama wenyeji walisikilizwa kabla ya leseni kutolewa si kazi ya mhandisi. Hilo ni swali la haki, na haki ndiyo kazi ya hakimu.

Nami nasema zaidi. Hata mradi ungekuwa na manufaa, anayeletewa zawadi kwa kuvunjiwa mlango amedhulumiwa. Ashaurianaye kwa kweli huwa tayari kubadili nia yake akisikia hoja iliyo bora. Asiyekuwa tayari amearifu tu, ajapoitisha mikutano mia.

Basi tunapofundisha kauli ya kutendana, tusiishie kwenye umbo la kitenzi. Tuwaulize wanafunzi wetu: wa pili ni nani, na je, amesikilizwa?