Mateso Si Malighafi ya Bure

Karibu na steji ninaposhukia matatu kuna mama anayechoma mahindi. Miaka miwili iliyopita, kijana mmoja mwenye kamera alimpiga picha: moshi, mikono yenye masizi, leso kichwani, jua likizama nyuma ya mabati. Picha nzuri kwelikweli. Nilikuja kukutana nayo ukutani kwenye maonyesho, upande ule mwingine wa jiji, watu wameshika glasi za mvinyo wakiitazama kwa huruma. Bei ilikuwa kwenye kikaratasi chini yake. Kesho yake jioni nikamsimulia mama. Hakukasirika. Aligeuza hindi, akaniuliza, "Na huyo kijana, siku hiyo alininunulia hata hindi moja?"

Sikuwa na jibu. Swali lake limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Msanii akichukua shida ya mtu mwingine akaigeuza kazi ya sanaa, anadaiwa nini?

Jibu tulilozoea ni heshima. Aombe ruhusa, aseme ukweli, asimdhalilishe mtu. Sipingi. Lakini tuseme ukweli, heshima ni deni rahisi kulipa. Unaweza kumheshimu mama kabisa, ukamwandikia hata maelezo matamu ya ukutani, na bado ukaenda na pesa zote.

Kuna kikundi cha wachongaji kilichojaribu jibu gumu zaidi. Wako Lusanga, mkoa wa Kwilu, magharibi mwa Kongo. Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo sanamu zao ni vitu vya kupendeza tu.

Mwaka 1911 Ubelgiji, iliyoitawala Kongo, iliipa kampuni ya Lever Brothers, watengenezaji wa sabuni ya Sunlight, haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi. Mawese ya Kongo yakawa sabuni ya Ulaya. Lusanga ikabatizwa jina la mwenye kampuni: Leverville. Wenyeji walilazimishwa kuvuna kwa ujira duni, na kodi ya mkoloni ilihakikisha hawana pa kukimbilia. Baadaye kampuni hiyo ikawa sehemu ya Unilever, ileile iliyomiliki mashamba ya chai ya Kericho kwa miaka mingi. Na kuanzia 2000 hadi 2012, Unilever ndiyo iliyofadhili maonyesho makubwa katika ukumbi mkuu wa Tate Modern, London. Yaani faida ya shamba haikuishia kwenye sabuni. Ilifika mpaka kwenye kuta nyeupe ambako watu huenda kutafakari, wakati mwingine kutafakari dhuluma.

Mchoyo wa huo mzunguko ulimkera msanii Mholanzi, Renzo Martens. Katika filamu aliyoitoa 2008 aliwaambia wapigapicha wa Kongo waache kupiga picha za harusi, wapige za njaa na vita, kwa kuwa hizo ndizo zinazonunuliwa. Kama umaskini wenu ni bidhaa, iuzeni wenyewe. Filamu ni ya kikatili, na mpango wenyewe ulifeli. Wapigapicha hawakupata soko. Soko la mateso lilikuwa na wenyewe, na hao hawakuwa Wakongo.

Ndipo 2014 kikazaliwa chama cha wasanii wafanyakazi wa mashamba, Cercle d'Art des Travailleurs de Plantation Congolaise, kwa kifupi CATPC. Martens alikuwepo, pamoja na mwanamazingira Mkongo René Ngongo, lakini mikono ilikuwa ya watu wa mashambani kama Cedart Tamasala, Matthieu Kasiama, Mbuku Kimpala na Irène Kanga. Wao hufinyanga sanamu kwa udongo wa kwao. Kila sanamu husomwa na kompyuta pande zote, kisha Uholanzi hutengenezwa kalibu na kumiminwa upya kwa chokoleti: kakao na mafuta ya mawese, mazao yaleyale yaliyowafanya vibarua. Mwaka 2017 walionyesha kazi zao SculptureCenter, New York. Mwaka 2024 walipewa banda la Uholanzi kwenye Biennale ya Venice.

Lakini kilichonishika mimi si Venice. Ni kwamba pesa za sanamu zilirudi Lusanga kununua ardhi. Wamekomboa zaidi ya hekta 200 za mashamba yaliyochoka, wakapanda chakula na miti mchanganyiko mahali palipokuwa na zao moja la kampuni. Babu alipokonywa ardhi, mjukuu akafinyanga simulizi ya babu, simulizi ikauzwa, ardhi ikarudi.

Najua mabishano yatakayofuata, maana nimebishana na marafiki zangu kuhusu hili mpaka chai ikapoa.

Wa kwanza atasema sanaa si mradi wa maendeleo. Sanamu mbaya haiwi nzuri kwa sababu imenunua shamba. Kweli kabisa. Mashairi ya mapenzi hayahitaji kujenga zahanati. Lakini mimi siongelei sanaa yote. Naongelea ile inayochota nyenzo zake kwenye maumivu ya watu wengine. Mchongaji akichukua mbao kwenye karakana ya mtu bila kulipa, hatumuulizi kama kinyago kilipendeza. Kwa nini mateso pekee ndiyo yawe malighafi ya bure? Afrika imeuza kila kitu kikiwa ghafi, kikarudi na bei mpya. Uchungu nao tusiuuze hivyo.

Wa pili atanikumbusha kwamba Mholanzi ndiye aliyefungua mlango, na kuuliza kama hao wachongaji wanasema lao au lake. Hili lina uzito. Sina njia ya kulimaliza, ila naangalia wanachofanya wakishaingia ndani. Mwaka 1931 Wapende waliasi dhidi ya kazi ya kulazimishwa. Uasi uliwashwa na wakala wa kampuni aliyemnajisi mwanamke wa Kipende, na Irène Kanga amemfinyanga mwanamke huyo. Katika uasi huo aliuawa ofisa Mbelgiji, Maximilien Balot, na Wapende wengi wakauawa kwa kulipiziwa kisasi. Wakati huo mchongaji wa Kipende alichonga sanamu ya Balot kwa mti, ili roho yake ya hasira ifungwe humo isidhuru watu. Sanamu hiyo ikaishia kwenye jumba la makumbusho Virginia, Marekani. CATPC waliitaka. Mwaka 2022 walichukua picha yake na kuuza NFT zake mtandaoni, jumba likalalamika. Hatimaye 2024 sanamu ilifika Lusanga, kwa mkopo wa miezi michache, ikakaa kwenye jengo jeupe la maonyesho walilonalo tangu 2017. Watu wanaosemewa tu hawasumbui makumbusho ya Marekani namna hiyo.

Bishano la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Ukimlipa mtu kwa mateso yake, si unamfunga ayauze milele? Vipi siku akitaka kufinyanga kicheko, au kuku tu, bila historia yoyote? Mnunuzi wa New York atarudi kumuuliza, na ukoloni uko wapi?

Hapo ndipo ninapoiona maana ya ardhi. Wangegawana pesa na kula, mwaka unaofuata wangelazimika kuuza huzuni nyingine. Shamba linakupa mhogo hata msimu ambao hakuna tajiri anayekuhurumia. Mwenye shamba anaweza kumwambia mnunuzi hapana. Kwa hiyo deni la sanaa ya mateso, nadhani, halilipwi kwa asilimia pekee. Linalipwa pale mwenye mateso anapopata uwezo wa kuacha kuyauza, na akiamua kuendelea, iwe ni kwa hiari yake.

Kijana wa kamera hakuwa na hekta 200 za kumpa mama. Wala mimi sina. Na ukweli ni kwamba hata mimi nimemtumia mama kufungulia insha hii. Kwa hiyo kabla ya kuituma nilienda steji nikamsomea mwanzo. Nilikuwa nimeandika "mikono iliyopasuka." Akanikatiza hapohapo: "Nani amekwambia imepasuka? Haya ni masizi, yanatoka na sabuni." Nimerekebisha, kama ulivyoona.

Halafu akaniuliza wenye gazeti hunilipa ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akapuliza makaa, akasema, "Sawa. Sasa ngapi yangu?"

Hiyo bado tunaiongea.