Meli Chini ya Mchanga

Hivi mtu mzima ana haki gani ya kumwambia mtoto bahari aitengeneze vipi? Usicheke, ndugu msomaji. Swali hili limenikaa kooni tangu nianze kuwafundisha wapwa zangu, hapa Wete, kutengeneza picha za bahari za kubandika, barazani kwa mama yao.

Kazi yenyewe haitaki pesa. Kipande cha boksi, na gundi ya uji wa unga wa ngano uliopikwa mzito ukapoa. Mchanga lazima uoshwe kwanza kwa maji baridi, uanikwe, uchekechwe. Ukibaki na chumvi unavuta unyevu na picha haikauki. Mchanga ukishachanganywa na gundi, mtoto anaupaka, kisha anaburuza kitana kikuukuu, mistari inabaki, hayo ndiyo mawimbi. Povu ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Rangi ni buluu ya kufulia na mkaa uliosagwa. Milingoti ni makonyo ya karafuu, tena machache tu, maana makonyo yana kazi yake, yanakamuliwa mafuta kiwandani kule Wawi. Makombe tunaokota matupu. Lenye mdudu linarudi majini, hapo sina mjadala na mtu.

Basi mpwa wangu mmoja, wa miaka saba, akabandika meli. Si juu ya maji. Aliibandika kwanza, akaifunika mchanga, akasugua mpaka ukabaki uvimbe tu. Huioni, lakini ukipitisha kidole unaihisi.

"Hii nini?"

"Spice, mjomba."

Yeye hakuwa hata amezaliwa. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, kwenye mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kuja huku kwetu Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Kaka yetu mkubwa alikuwa ndani. Nyumbani hatulizungumzi mbele ya watoto. Tunalizungumza usiku, tukidhani wamelala.

Dada yangu hakutaka hata kuishika. "Kaka, wafundishe samaki, wafundishe ngalawa. Mambo ya maiti ya nini?" Ana hoja. Mama yetu hukaa baraza hiyohiyo kila alasiri. Nani kasema mjukuu apewe gundi ya kuchokonolea kidonda cha bibi yake?

Lakini tazama upande wa pili. Picha za bahari zinazouzwa kwa watalii Mji Mkongwe zina jahazi, mnazi na jua linazama. Sizikashifu, zinalisha watu. Ila nikimwambia mtoto wa Pemba kwamba bahari ni hiyo tu, nitakuwa nimemfundisha nini? Kwamba macho ya mgeni ndiyo yanaona, yake yanaota. Na sie tunaojidai kuandika hatuna tofauti: tukiitaja bahari, lazima mwezi uwake na upepo uwe mwanana.

Wala simtetei mtu mzima anayemchokoza mtoto atoe msiba ili picha ionekane ina uzito. Huo ni ulafi. Mpwa wangu hakuagizwa na mtu; aliambiwa atengeneze bahari, akatengeneza ile aliyoisikia ikisemwa ndani ya nyumba yao.

Mie nimefika hapa: gundi, mchanga na kitana ni vyangu kufundisha. Kipi kielee na kipi kizame, hilo ni la mtoto. Ila ukuta si wake peke yake, ukuta ni wa nyumba nzima, na mama yangu ana haki ya kukaa barazani bila kukutanishwa na kifo cha mwanawe asipotaka. Kumuuliza kama anataka, hilo hatujathubutu, mimi wala dada.

Kwa sasa picha iko kwangu, juu ya kabati. Dada anasema niitupe, nami nimekataa. Mtoto kila akija anauliza itatundikwa lini, halafu anadai gundi zaidi, kwa sababu sasa anatengeneza Kisiwa cha Misali na amekwama kwenye miamba.