Jina Lake Liache

Filamu ya To Olivia niliitazama Nachingwea, nyumbani kwa baba mdogo, usiku wa mvua, maneno ya waigizaji yakizidiwa na kelele za bati. Ilitoka mwaka 2021. Inamhusu Roald Dahl, Mwingereza ambaye vitabu vyake vya watoto vinasomwa dunia nzima, na mkewe Patricia Neal, mwigizaji wa Marekani. Novemba 1962 binti yao mkubwa, Olivia, aliugua surua, ikapanda hadi kwenye ubongo, akafa akiwa na miaka saba. Filamu inatuingiza ndani ya nyumba yao baada ya mazishi. Mama anataka kuzungumza, baba amefunga mdomo, na watoto waliobaki hawajui washike wapi.

Nililia. Kisha nikafanya jambo ambalo leo linanitia haya: nilichukua daftari langu la utafiti nikaandika, "Muulize bibi."

Bibi yangu anaishi Ruangwa. Ukoo mzima unajua kwamba mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha. Unajua, lakini hausemi. Mimi nasomea shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu masimulizi ya maisha ya wanawake wa kusini. Katika pendekezo la utafiti nililalamika kwamba historia ya kwetu imeandikwa bila sisi. Ukisoma habari za mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na kuutelekeza mwaka 1951, utakutana na matrekta, ekari na mamilioni ya pauni yaliyopotea. Wanawake waliowapikia vibarua Nachingwea ni vigumu kuwaona. Kwa hiyo nilijiona ninakwenda kutenda haki. Ninakwenda, kwa lugha ya darasani, "kumpa bibi sauti".

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye mkeka, ungo wa mbaazi mapajani. Tukaamkiana, nikaweka simu katikati yetu, nikauliza.

"Hicho kimewaka?" akasema, akiitazama simu.

"Ndiyo, bibi."

"Kizime."

Nilizima. Akaendelea kuchambua mbaazi. Baada ya muda mrefu akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi chuoni nilianza kuisoma upya filamu ile, safari hii kama mtuhumiwa mwenzangu. Dahl, ambaye kazi yake ilikuwa maneno, hakuweza kumzungumzia Olivia. Aliandika habari za siku ile ya mwisho katika daftari la shule, akalificha. Familia ililikuta kwenye droo baada ya yeye kufa mwaka 1990. Neal naye alifariki mwaka 2010. Filamu ilipotengenezwa, hapakuwa na mzazi wa kuulizwa: "Hiki kimewaka, tuendelee?"

Kuna jibu rahisi: wafu hawaumii. Sisi tuliolelewa na wazee wetu tunajua kwamba jibu hilo halitoshi. Wasia unaheshimiwa ingawa aliyeuacha hawezi kuja kutudai. Siri ya marehemu hatuiweki hadharani kwa sababu tu mlinzi wake amelala. Lakini jibu la upande wa pili nalo halinitoshi. Kama kila msiba ungefungiwa kwenye droo, ningejifunzia wapi kwamba ukimya wa baba aliyefiwa si ukosefu wa mapenzi? Marehemu babu yangu tulimsema vibaya kwa miaka mingi kwa sababu, wanasema, hakutoa hata chozi. Filamu ya Waingereza ndiyo iliyonifanya nimwombe radhi moyoni. Siwezi kuiita wizi kitu kilichonipa hivyo.

Tena Dahl mwenyewe hakuwa msafi katika jambo hili. Alifika Dar es Salaam mwaka 1938 kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Vita ilipoanza mwaka uliofuata, akapewa askari wa kuziba barabara ya kusini, Wajerumani wasitorokee Msumbiji ya Wareno. Ni barabara hiyohiyo ya kusini tunayopita sisi kwenda nyumbani. Katika kitabu chake Going Solo anasimulia kwamba mtumishi wake, Mdisho, alichukua upanga uliotundikwa ukutani akaenda kumuua mkulima wa Kijerumani. Dahl anamwambia asimwambie mtu. Kisha yeye mwenyewe akaiambia dunia. Hata kama alikoleza chumvi, Mdisho hakupata ukurasa wa kujibu.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1986, na mwaka huohuo Dahl alifungua mdomo kuhusu Olivia. Aliandika barua ya wazi kwa wazazi, akieleza jinsi binti yake alivyoondoka ndani ya saa chache, akiwasihi wawachanje watoto wao. Mwaka 1962 hapakuwa na chanjo ya surua. Sasa ilikuwapo, na wapo waliokuwa wakiipuuza. Miaka 24 alinyamaza, akasema siku alipoona kusema kutamfaa mtoto wa mtu mwingine.

Barua hiyo ingebaki kuwa hoja ya tasnifu tu kama nisingekuwapo Ruangwa likizo iliyofuata. Wifi yangu alikuwa amefika na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Tarehe ya sindano ya pili ya surua ilikuwa imepita, naye akawa anasema kliniki kuna foleni, mtoto ni mzima, ile ya miezi tisa inatosha. Bibi alikuwa jikoni. Alitoka akifuta mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni.

"Wangu alikuwa na miaka minne," alisema. "Asubuhi aliniomba uji. Jioni wakaacha kuniita kwa jina lake."

Ilinichukua muda kuelewa. Mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alipofukiwa mtoto, majirani wakalifukia na jina, hadi alipozaliwa baba yangu. Wifi hakujibu. Kesho yake aliamka alfajiri, akachukua kadi ya kliniki na mtoto.

Jioni hiyo sikutoa simu. Nilimuuliza bibi kama naweza kuandika alichosema.

"Wanaosoma wana watoto?"

"Wengine wanao."

"Andika. Jina lake liache."

"Kwa nini, bibi?"

"Hilo ni langu."

Sina kanuni ya kuwapa watengenezaji wa filamu. Ninachojua ni kwamba mara ya kwanza nilikwenda kwa bibi nikihitaji sura ya tasnifu, na yeye aliliona hilo kabla yangu. Sasa sura hiyo ina sentensi zake tatu tu. Msimamizi wangu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Fafanua. Mtoto aliitwa nani?" Wiki ya pili sasa sijamjibu.