Mshindi Mmoja, Sikukuu ya Wote

Kila mwaka, tarehe 31 Desemba, Kanisa linapomkumbuka Mtakatifu Silvesta, Papa, watu wengi katika miji ya Ulaya na ya Amerika ya Kusini hutoka majumbani mwao, si kwa kwenda ngomani wala karamuni, bali kwa kupiga mbio barabarani. Mtakatifu huyo, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 314 hata 335, zama za Kaisari Konstantino, hakusifika kwa mbio. Jina lake limepewa mashindano hayo kwa sababu siku yake ndiyo siku ya kuuaga mwaka. Huenda wasomaji wetu wakauliza, jambo la michezo lina haja gani katika ukurasa huu? Twajibu kwamba ndani yake limo swali linalozihusu nyumba zetu zote. Mashindano yana mshindi mmoja. Sikukuu ni ya watu wote. Je, yawezekana mambo hayo mawili yakae pamoja bila moja kuliharibu jingine?

Kwanza tueleze jinsi desturi hii ilivyoenea. Bwana mmoja wa Brazil, jina lake Cásper Líbero, mwenye gazeti la A Gazeta katika mji wa São Paulo, aliona huko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mbio za usiku ambazo wakimbiaji walishika mienge mikononi. Jambo hilo likampendeza, akalichukua kwao, na usiku wa tarehe 31 Desemba 1925 mbio za kwanza za Mtakatifu Silvesta zikakimbiwa São Paulo. Tangu siku ile zilifanyika kila mwaka, hata miaka ya Vita Kuu ya Pili, mpaka mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozizuia. Wageni walikuja kukaribishwa, na mwaka 1953 alishinda Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyekuwa bingwa wa dunia nzima katika mbio ndefu. Wanawake walifunguliwa mlango mwaka 1975. Na mtu aliyeshinda mara nyingi kupita wanaume wote ni jirani yetu, Paul Tergat wa Kenya, aliyeitwaa taji mara 5 kati ya mwaka 1995 na 2000.

Huko Brazil Desemba ni mwezi wa joto. Lakini mbegu hiyo ilipofika Hispania iliota katikati ya baridi. Mwaka 1964 mbio za namna hiyo zilianzishwa Vallecas, mtaa wa wafanyakazi upande wa kusini-mashariki wa Madrid, ambao hata mwaka 1950 ulikuwa mji wenye serikali yake. Siku hizi njia yake ni ya kilomita 10. Huanzia karibu na uwanja mkubwa wa mpira wa Santiago Bernabéu, huteremka katikati ya mji, kisha humaliza kwa kupanda mlima wa kuingia Vallecas. Nayo ina mbio mbili katika jioni moja. Kwanza huondoka umati wa watu, maelfu kwa maelfu: akina baba na akina mama, wazee na vijana, wengi wamevaa mavazi ya kuchekesha, wengine nguo nyekundu na ndevu nyeupe za bandia. Baadaye, giza likiisha kuingia, huondoka wachache waliothibitisha kwamba wana mbio kweli, na miongoni mwao huwamo vijana wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 2018 washindi wote wawili walitoka kwetu: Jacob Kiplimo wa Uganda kwa wanaume, na Brigid Kosgei wa Kenya kwa wanawake.

Basi, swali letu ni hili. Yule mama wa Madrid aliyevaa kofia ya sikukuu, ambaye tangu siku alipojiandikisha anajua kwamba hatashinda, anakimbilia nini? Na yule kijana aliyetoka milima ya Sebei au nyanda za Bonde la Ufa, ambaye siku hiyo kwake ni siku ya kazi, ana fungu gani katika furaha ya mama huyo?

Wako wanaojibu upesi kwamba mbio ni za mshindi peke yake, na wengine wote ni wapambe wake. Wasemao hivyo huona kwamba anayekimbia bila tumaini la kushinda anajichosha bure. Jibu hili si geni. Twalisikia uwanjani, twalisikia kazini, na la kusikitisha zaidi, twalisikia hata mezani petu, mtoto anaporudi kutoka shule na kuulizwa neno moja tu: umekuwa wa ngapi? Ikiwa jibu hili ni la kweli, basi katika watu 1,000 mmoja amefurahi na 999 wamehuzunika, na hiyo haiwezi kuitwa sikukuu hata kidogo.

Wako na wengine wanaoelekea upande wa pili. Wao husema kwamba taji si kitu, wa kwanza na wa mwisho ni sawa, na kushindana ni majivuno matupu. Maneno haya yana sura ya upole, lakini sisi hatuyakubali. Tazameni yaliyotokea São Paulo mwaka 2019. Kiplimo yule yule, kijana wa miaka 19, aliongoza akielekea mwisho wa safari ya kilomita 15. Katika hatua za mwisho kabisa Kibiwott Kandie wa Kenya akampita, akamaliza kwa dakika 42 na sekunde 59. Kiplimo alimaliza sekunde 1 tu nyuma yake. Nani atathubutu kumwambia kijana huyo kwamba sekunde ile haikuwa kitu? Alikuwa ameamka alfajiri siku nyingi, amekula kwa kipimo, amejinyima. Kumwambia kwamba ushindi si kitu ni kumwambia kwamba jasho lake si kitu. Wahenga wetu walinena vema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini hawakusema kwamba kushindwa hakuumi.

Twaona kosa la pande zote mbili ni moja: hawapambanui mema na mema. Yako mema ambayo akiyapata mmoja mwingine huyakosa. Taji ni la namna hiyo. Ukilikata vipande viwili si taji tena. Lakini yako na mema ambayo hayapungui kwa kugawanywa. Kuufikia mwisho ulioukusudia, kutembea njia moja na jirani usiyemjua, kuuaga mwaka kwa mwili wenye afya na moyo mwepesi, hayo hata wakiyapata watu 40,000 hayapungui, bali huongezeka. Mbio za Vallecas zina mema ya namna zote mbili, na kila aina imewekewa mahali pake. Aliyekuja kwa ajili ya taji hazuiwi na umati, wala umati haudharauliwi kwa kukosa taji. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto, ambao karibu na mji wao mashindano makubwa yalifanyika kila mwaka wa pili, akaufananisha mwendo wa Mkristu na mwendo wa mkimbiaji. Hakuyakataza mashindano, aliyafanya kuwa mfano wa bidii.

Hata hivyo kupambanua huku hakutoshi. Maana bado twaweza kuuliza: kuna nini kinachowaunganisha hao wawili, mshindi na yule wa mwisho, hata tuseme wapo katika sikukuu moja? Sisi twajibu kwamba kinachowaunganisha ni ukweli. Mbio ni swali lililoulizwa hadharani: leo, katika njia hii, nani mwepesi kupita wote? Likijibiwa kwa haki, jibu hilo ni mali ya wote walioliuliza kwa miguu yao, hata yule aliyefika taa zikizimwa. Likijibiwa kwa uwongo, wote wameibiwa.

Jambo hili lilionekana wazi huko Hispania mwaka 2012, si katika mbio za Silvesta, bali katika mbio za nyikani za mwezi huo huo wa Desemba, mahali paitwapo Burlada katika jimbo la Navarra. Abel Mutai wa Kenya, aliyekuwa amepata medali ya shaba mwaka ule ule katika Olimpiki ya London kwa mbio za kuruka viunzi na maji, alikuwa mbele kabisa. Zikiwa zimebaki hatua chache alidhani amekwisha kumaliza, akapunguza mwendo. Nyuma yake alikuja Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angaliweza kumpita, wala hakuna sheria ambayo angaliivunja. Hakumpita. Alikaa nyuma yake, akamwonyesha kwa ishara, maana lugha yao haikuwa moja, kwamba mwisho ungali mbele, na Mutai akaenda akashinda.

Wengi walimsifu, lakini si wote waliosema wangefanya kama yeye. Mwalimu wake mwenyewe, Martín Fiz, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, alikiri kwamba tendo lile lilikuwa la uaminifu, lakini akasema waziwazi kwamba yeye asingelifanya. Angaliichukua nafasi ile akashinda. Hatupendi kumdharau mtu aliyesema kweli yake bila kuficha, na hoja yake ina uzito. Kuijua njia ni sehemu ya mbio. Anayekosea na avune kosa lake. Mbona Kandie alimpita Kiplimo katika hatua za mwisho, na hakuna aliyemlaumu?

Tofauti twaiona hapa. Kule São Paulo swali lilikuwa bado wazi. Wote wawili walikuwa wakikimbia, kila mmoja akijua mwisho u wapi. Kule Burlada swali lilikuwa limekwisha kujibiwa na miguu, likabaki kukosewa na macho. Fernández aliona kwamba akiupokea ushindi ule atakuwa amepewa jibu ambalo yeye mwenyewe anajua si la kweli. Sheria ingalimruhusu kuwa wa kwanza, lakini isingaliweza kumfanya awe mwepesi kupita Mutai. Kwa hiyo hakutupa ushindi, kwa sababu haukuwa wake. Alichokifanya ni kukataa kuuficha ukweli chini ya kivuli cha sheria.

Kutoka hapo twaweza kufahamu kwa nini anayetumia dawa za kuongeza nguvu, au anayekata njia mahali pasipoonekana, hamkosei yule wa pili peke yake. Anawakosea hata waliovaa kofia za kuchekesha. Wao walikuja kusherehekea jambo la kweli, naye amewapa la uwongo walishangilie. Na twasema haya kwa uchungu, kwa kuwa katika miaka hii wakimbiaji wengi wa kwetu wameadhibiwa kwa kosa hilo la dawa, na jina jema la kijiji kizima hupotea kwa tamaa ya mtu mmoja.

Lakini haki ina njia mbili. Ikiwa umati una haki ya kudai kweli kutoka kwa mkimbiaji wa kazi, naye ana haki ya kudai kitu kwao. Siku ile wao wanacheza, yeye anafanya kazi. Usiku watarudi kwenye meza zao, yeye atarudi katika chumba cha hoteli, mbali na mama yake na wanawe, akingoja ndege. Yatupasa kukumbuka kwamba kila sikukuu ina watu wanaoitumikia: mpishi, dereva, muuguzi wa zamu, askari wa barabarani. Sikukuu inayomsahau mtumishi wake imepungukiwa. Mkimbiaji na alipwe kwa wakati stahili yake, apokewe kama mgeni, aitwe kwa jina lake, wala asihesabiwe kama farasi aliyeletwa kukimbia akarudishwa. Wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji aliyepona kwa mbio za mgeni ana deni.

Basi, akina baba na akina mama, tunazungumza nanyi juu ya mambo ya nyumbani. Mwaka unapokwisha, watoto wetu hupimwa kwa namba. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kuzitangaza shule na wanafunzi kumi bora, na wengi walibishana kama ni vema au si vema. Sisi hatusemi kwamba namba zifutwe. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kwa jasho lake apewe heshima yake, wala tusimnyime ili tuwapendeze wengine. Lakini tumwulize kila mtoto maswali mawili, si moja. Tumwulize: umekuwa wa ngapi? Kisha tumwulize: je, ulipita njia yote, bila kuikata? Swali la kwanza lina jibu zuri kwa mmoja tu. La pili laweza kujibiwa vizuri na kila mtoto wa nyumba.

Tena mtoto ajibupo swali hilo la pili kwa kweli, hata akiwa wa mwisho, baba asigeuze uso wake pembeni. Amwekee chakula chake mezani pamoja na nduguze, amsikilize akisimulia jinsi mlima ulivyomchosha. Hapo ndipo mbio za mmoja hugeuka kuwa sikukuu ya nyumba nzima.